Sauti Isiyo na Kifua

Afande hakuwa mtu wa muziki. Ukimwomba aimbe alicheka, ukimshurutisha alikumbuka ghafla kwamba ana kazi kituo cha polisi. Kwa hiyo wenzake waliposikia anashinda kwenye kichumba cha nyuma cha kituo cha redio, hedifoni zimembana masikio, anafundishwa kuchanganya sauti, walimcheka mpaka basi. Mama mzima, walisema, amebakiza muda kidogo astaafu, sasa anataka kuwa msanii. Aliwaacha wacheke. Jalada lililokuwa mezani kwake halikuwa la kuchekesha hata kidogo.

Lilikuwa la binti mmoja mwimbaji ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa sababu tangu utotoni mdomo wake haukutulia: kama haongei, anaimba. Binti huyo alikuwa ameagwa. Ndugu walikuja kutoka kila pembe, shangazi walilia, wajomba walitoa nasaha ndefu hadi chakula kikapoa, akapigwa picha na masanduku yake, akaondoka kwenda ng'ambo kuimba kwenye mahoteli makubwa. Tangu siku hiyo hakupiga simu hata mara moja. Zilikuja salamu tu, kupitia kwa prodyuza wake, jamaa mwembamba aliyeitwa Kinanda. Halafu, baada ya kimya kirefu, ukaja wimbo. Kinanda aliuleta mwenyewe, akasema binti ameurekodi huko huko aliko na kumtumia sauti tupu, yeye kazi yake ilikuwa kutia vyombo basi.

Mama yake Chiriku alikuwa mjane, mshona nguo, na nyumbani kwake kulikuwa na spika mbili kubwa za mbao alizoachiwa na marehemu mumewe. Aliusikiliza wimbo ule kwenye spika hizo mchana kutwa. Kisha akafunga cherehani, akavaa, akaenda polisi.

"Sauti ni ya mwanangu," alimwambia Afande. "Lakini kifua chake hakimo."

Afande alimwuliza ana maana gani, na mama hakuweza kueleza vizuri. Alijigonga kwa vidole chini kidogo ya koo, akasema mwanawe akiimba kuna kitu huwa kinatetema hapa, na kwenye nyimbo zake zote za nyuma, kwenye spika zile zile, kinasikika. Kwenye huu hakuna. Maneno yamo, utamu umo, hata pumzi zimo, kifua hakimo. Halafu akasema neno ambalo Afande alitembea nalo tangu siku hiyo.

"Afande, mimi naona kama watu wananituliza. Kama amekufa niambiwe. Nianze kulia, nijue nalia nini."

Afande aliandika maelezo yote, ila hilo la kifua hakuliandika. Alidhani ni uchungu wa mzazi, au spika zimechakaa. Yeye aliusikiliza wimbo kwenye simu yake na kuona uko sawa tu. Lakini jibu la uhamiaji liliporudi, akajikuta amesimama. Binti wa jina lile hakuvuka mpaka wowote, si kwa ndege, si kwa meli, si kwa barabara. Ukoo mzima ulimuaga mtu ambaye hakwenda popote.

Kinanda, basi, alikuwa ameongopa, na jalada lote likaning'inia kwenye swali moja: sauti ile ilirekodiwa lini, na wapi. Kama ni ya zamani, imeimbwa kabla ya kuagwa na kufichwa mahali, basi kimya cha binti kilikuwa na maana ambayo hakuna aliyetaka kuitamka. Kama ni ya sasa, Chiriku yu hai. Kinanda alipoitwa kituoni hakubisha wala hakutoa jasho. Alikabidhi faili la sauti tupu, bila vyombo, akasema ndivyo alivyotumiwa.

"Sijaigusa, Afande. Hata kidogo."

Ndipo Afande akamtafuta Fundi.

Fundi alikuwa mwanamume mnene, mpole, mwenye mfuko wa karanga ambao haukwisha. Alikuwa amefanya kazi kwenye studio ya Kinanda kwa miaka kadhaa kabla ya kuajiriwa redioni, na waliachana kwa amani. Afande alimwomba asikilize faili amwambie anachokisikia. Fundi akakataa katakata. Akisema yeye, alieleza, kesho wakili atasimama na kudai kwamba anamwonea wivu bosi wake wa zamani. "Kaa hapa ujifunze," alisema, akisogeza kiti. "Ukisikia kwa masikio yako, utasema kwa mdomo wako."

Kwa hiyo akajifunza, saa za mchana, kila alipopata nafasi. Kwenye kompyuta kulikuwa na mstari mmoja ulionyooka. Kushoto kwake, Fundi alieleza, ndiko kuna besi, ngoma na ngurumo. Kulia ni trebo, ile mikwaruzo ya herufi za mdomoni na matoazi. Katikati wamejazana wengine wote. Ukivuta kidoti juu, sehemu ile ya sauti inapanda, ukikishusha, inashuka. Hiyo ndiyo ikwalaiza, hakuna uchawi mwingine. Akampa wimbo wa mazoezi, akarudi kwenye karanga zake.

Afande aliona ngoma iko dhaifu, akapandisha besi. Sauti ya mwimbaji ikazama, akaipandisha. Gitaa likapotea, akalivuta nalo. Mwishowe mstari ulikuwa umevimba kama gari lililopakia magunia, na wimbo ulikuwa kelele tupu, kila chombo kinamfokea mwenzake.

"Umewapandisha wote," Fundi alisema, anacheka hadi bega linatikisika. "Sasa nani amepanda?" Akaunyoosha mstari upya. "Wageni wote wa kazi hii wanaongeza. Wewe punguza. Ukitaka mtu asikike, kwanza tafuta nani kamkalia."

Hilo Afande alilielewa upesi. Mashahidi watatu wakisema kwa pamoja, humwambii unayemtaka apige kelele. Unawatoa nje wale wawili. Alishusha gitaa kidogo tu, mahali pale pale lilipogombana na mwimbaji, na mwimbaji akatokeza bila kuongezwa chochote. Alifurahi kama mtoto, akataka kurudia, na Fundi akamwambia sasa ameanza kuharibika kichwa kama wao.

Siku nyingine alimfundisha kuwinda mvumo. Kila chumba kina mvumo wake, alisema. Piga kofi bafuni utausikia: kuta zinarudisha sauti, na kuna sehemu moja zinaipenda kuliko nyingine. Basi fundi anatengeneza kilima kirefu chembamba kwenye mstari, anakitembeza polepole kutoka kushoto kwenda kulia, na kikifika kwenye mvumo sauti inapiga mayowe mabaya. Hapo unakigeuza kilima kuwa shimo. Unachimba kidogo, mvumo unakufa.

"Chumba cha Kinanda kinavuma chini kabisa," alisema. "Alama ya mia moja na hamsini, kushoto kwenye mstari. Kile nimeishi nacho, nakijua kama nyumba yangu. Usipochimba shimo pale, mtu anasikika kama anaimba ndani ya pipa."

Ndipo wakafungua faili la Chiriku. Afande alitengeneza kilima, akaanza kukitembeza. Sauti ya binti ilimjia masikioni karibu mno, kama mtu anayekuelezea siri. Alisubiri mayowe, mayowe hayakuja. Badala yake alifika mahali ambapo kilima kilipita na hakikupandisha kitu. Akarudi nyuma. Akapita tena.

"Hapa pana shimo," alisema.

Fundi akaacha kutafuna. Alimwambia afumbe macho, akauhamisha mshale, akamtaka apatafute upya kwa masikio peke yake. Afande alipapata. Alipofumbua macho, alama ilisoma mia mbili na themanini.

"Kwa sauti ya mwanamke, Fundi, hapo ni wapi?"

Fundi alipangusa vidole vyake. Aliinua mkono akajigonga kwa vidole chini kidogo ya koo, pale pale alipojigonga yule mama.

Afande alivua hedifoni. Aliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa ndogo. Mama wa watu alimwambia siku ya kwanza, waziwazi, na yeye aliyesomea kusikiliza mashahidi hakuliandika. Akamkumbuka marehemu mama yake mwenyewe, ambaye sura yake anayo kwenye picha ila sauti yake imemtoka kabisa, na akatamani angekuwa nayo hata neno moja.

Shimo lilisema mambo mawili. La kwanza, faili liliguswa, na Kinanda alisema uongo mara ya pili. La pili lilimkata maini. Fundi alitikisa kichwa, akasema shimo haliko kwenye mvumo wa Kinanda. Mle ni mia moja na hamsini, na nyimbo za zamani za Chiriku zimechimbwa hapo, alizichimba yeye. Huko chini sauti ya binti haifiki, ndiyo maana kifua chake kilipona. Hili la sasa ni la chumba kingine, kidogo zaidi, kwa sababu chumba kikipungua mvumo unapanda.

Basi Afande akaanza kusaka chumba. Alizunguka studio za vichochoroni, kumbi za mazoezi, stoo za vyombo, kila mahali anaingia, anasalimia vizuri, anapiga kofi moja kubwa na kusikiliza kichwa kimeinama. Wenye studio walitazamana. Konstebo aliyemfuata na kinasa sauti alianza kuwaomba radhi watu kabla hajaulizwa. Hapakuwa na mvumo uliofanana. Alirudi kila jioni akiwa amechoka, na mara mbili alikuta yule mama amemsubiri kwenye benchi la kituo, haulizi kitu, amekuja tu kukaa karibu na watu wanaomtafuta mwanawe.

Ilipobidi akaenda kwa Kinanda kumwuliza ni chumba gani kingine anachokodi. Studio yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya karakana ya seremala, na Afande hakuwahi kuikanyaga. Mahojiano yote yalifanyikia kituoni. Kinanda alimkaribisha kwa heshima, akamfutia kiti. Afande hakukaa. Kwa mazoea ya siku zile, alipiga kofi.

Mvumo uliomrudia haukuwa wa chini.

Akapiga jingine.

"Mbu hao, Afande?" Kinanda aliuliza.

Afande alimwomba awashe maikrofoni. Alipiga kofi la tatu likarekodiwa, akaketi kwenye kompyuta bila kuomba ruhusa, akavuta kidoti kuwa kilima chembamba na kuanza kukitembeza kulia taratibu. Kinanda alimtazama yule askari mwenye mvi anavyowinda mvumo, na mzaha ukamwisha usoni. Pale mia moja na hamsini pakapita kimya. Kwenye mia mbili na themanini kofi lilipiga mayowe.

Afande aligeuka akatazama kuta. Tatu zilikuwa za saruji, zimebandikwa zulia la zamani. Ya nne ilikuwa ya mbao, imefunikwa magodoro ambayo bado yalinuka upya. Alimwambia Kinanda asitoke hapo, akamwacha konstebo mlangoni, akashuka kwa seremala.

Seremala alikuwa mtu wa maneno mengi, na ukuta ule ulikuwa fahari yake. Ndiyo, aliujenga yeye, baada ya yule binti kuagwa. Anakumbuka kwa sababu na yeye alialikwa kwenye ile shughuli. Kinanda alisema chumba chake ni kikubwa mno, anataka kumega kipande kiwe stoo. "Ila mteja ni mteja, Afande. Akataka stoo yenye dirisha. Akataka na komeo, tena kwa ndani. Nikamwuliza, stoo gani inafungwa na aliyemo? Akaniambia piga misumari."

Afande alisimama kwenye ngazi, ameshika ukingo, akayapanga mambo. Nyimbo za zamani ziliimbwa katika chumba kipana, na shimo lake halikumgusa binti. Kisha ukuta ukajengwa, chumba kikapungua, mvumo ukapanda ukaja kukaa kifuani pake hasa. Aliyechimba mvumo alichimba na kifua. Mama alisikia kifua hakimo akaogopa mwanawe amekufa, kumbe kifua hakimo kwa sababu aliimba baada ya ukuta. Wimbo ulikuwa wa sasa. Chiriku yu hai. Afande alipanda ngazi mbili mbili.

Aliporudi juu alimkuta Kinanda ameketi, mikono katikati ya magoti.

"Ulisema hujaigusa."

"Ilikuwa inavuma, Afande," Kinanda alisema, na alionekana ameumia kweli. "Ningeiachaje itoke hivyo? Nilijiambia usiiguse, usiiguse. Mkono ukaenda."

Afande alimwambia afungue ile yenyewe, iliyorekodiwa, kabla ya shimo. Kinanda akafungua. Shimo lilikuwa pale kwenye mstari, na Afande mwenyewe alikivuta kidoti chake juu hadi mstari ukanyooka, akapandisha spika. Sauti ilijaa chumbani. Ilivuma, ilikuwa mbaya, Fundi angeziba masikio, lakini ndani ya ule mvumo kulikuwa na kifua cha mtu, kinatetema. Nyuma ya magodoro, kigoda kilisogea.

Afande alizima. Hakugonga ukuta wala hakumwita konstebo. Aliongea na mbao zile kama anavyoongea mtu na jirani aliye upande wa pili wa uzio.

"Mama yako alikuja kwangu akasema kifua hakimo. Anadhani umekufa. Ameniomba nimwambie ili aanze kulia."

Kigoda kikasogea tena, karibu zaidi na mbao. Kisha Chiriku akaanza kueleza, huko huko ndani, na Afande akamwacha aseme. Wakala aliyemtafutia safari hakutokea uwanja wa ndege, na pasipoti alikuwa nayo huyo wakala. Alikaa getini na masanduku yake hadi abiria wote wakaisha. Angerudije? Shangazi walikuwa wamelia, wajomba wamesema, picha zimepigwa. Alifikiri ni jambo la siku chache, atapata njia nyingine, na siku zikazaana. Kinanda alimsitiri, akawa anampa vijisenti aitikie kwenye nyimbo za watu wengine, bila jina. Kwao hakukuwa mbali. Kuna siku alijifunika akatembea hadi kwenye kona ya mtaa wao.

"Niliona nguo zake kwenye kamba," alisema. "Nilijua kila moja. Nikashindwa kupita pale, nikarudi. Ndiyo nikamwimbia."

Komeo likavutwa. Mlango ulikuwa nyuma ya godoro la pembeni, na aliyetoka alikuwa mwembamba kuliko picha iliyokuwa kwenye jalada, macho mekundu, miguu mitupu. Alimwamkia Afande kwa adabu zote, kama mtoto aliyefumaniwa. Akaomba simu. Ampigie mama sasa hivi, amwambie yu hai, mengine watayajua baadaye.

Afande alitoa simu, akaiwasha, akafika hadi kwenye namba ya yule mama. Hapo akakumbuka jinsi Fundi alivyoisema vibaya simu: inakata kote chini, inakuachia pua tu. Akairudisha mfukoni.

"Simu haina kifua," alisema. "Atakusikia, kisha atanijia mimi aseme wamemtumia kanda nyingine."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Vaa viatu."

Wimbo ulisikika tangu kwenye kona. Mlango wa mshona nguo ulikuwa wazi, cherehani imefunikwa, na yeye ameketi kati ya zile spika mbili amewapa mgongo wanaoingia, kichwa kimeinama upande mmoja, bado anakitafuta kile kifua. Chiriku alisimama kizingitini. Yeye ambaye mdomo wake haukuwahi kutulia akabaki anajisikiliza akiimba. Afande alipita pembeni yake, akazima spika.

Mama akageuka kuona nani amemzimia.

"Mama," Chiriku alisema.

Mama aliinuka. Hakupiga kelele, hakuuliza ulikuwa wapi, na uso wa mwanawe hakuutazama kwanza. Alikwenda moja kwa moja akamwekea kiganja kifuani, chini kidogo ya koo.

"Sema tena," alimwambia.

Chiriku akasema tena, na chini ya kiganja pakatetema. Mama akaanza kulia, na alijua analia nini.